Jumapili hatushoni

Kibao bado kipo. Nilikiandika kwa mkono wangu mwaka 2011, rangi nyeusi ya mafuta juu ya kipande cha plaiwudi, JUMAPILI HATUSHONI, nikakipigilia misumari miwili kwenye mlango wa chumba changu cha cherehani hapa Miembeni. Herufi mbili za mwisho zimeshafifia kwa jua. Wateja wote wanakijua, na wengine wakitaka kunitania njiani hunisalimia hivyohivyo: "Vipi, Jumapili Hatushoni?"

Jumamosi iliyopita kwenye jumuiya yetu ndogondogo mada ilikuwa kukomaa kiroho. Watu walizungumza vizuri. Waraka kwa Waebrania ukasomwa, ile sehemu ya maziwa na chakula kigumu, na kila mmoja akatoa ushuhuda wake. Mie nilikaa kimya. Kisa changu kinaanzia kwenye gauni la mtoto, nikahofu kwamba nikikitoa pale kitaonekana kidogo mno. Hapa nina nafasi, basi nakitoa.

Kwanza mnijue. Wageni wakisikia Mkristo wa Zanzibar husema, "Basi unasali Mkunazini." Hapana, Mkunazini ni kwa Waanglikana. Sisi ni wa Minara Miwili, kanisa la Mtakatifu Yosefu kule Shangani, lililojengwa na wamisionari Wafaransa wa Roho Mtakatifu kati ya 1893 na 1898. Ukija na boti kutoka Dar es Salaam unaiona minara yake kabla hujatambua uso wa mtu yeyote gatini. Baba yangu alitoka bara kuja kufanya kazi bandarini, akaoa hapa, akatulea hapa, na alikuwa na neno lake moja: "Watu wanatutazama." Tukichelewa Misa, watu wanatutazama. Tukipigana na watoto wa jirani, watu wanatutazama. Wakristo hapa ni wachache, na mtu wa kundi dogo akijikwaa wanahesabiwa wote kuwa wamejikwaa. Amri kwetu zilikuwa kama sare ya skuli: mtu akikuona tu, anajua wewe ni wa wapi. Simlaumu baba, ile sare ilituhifadhi. Ila mwaka jana nilikuwa na miaka 52 na nilikuwa bado naivaa, tena nimeipiga pasi.

Ninayo kaunta buku. Mbele naandika vipimo vya wateja: kifua, kiuno, urefu wa mkono. Ukiigeuza juu chini, kwa nyuma kulikuwa na ukurasa wa Kwaresima. Mwaka 2025 Kwaresima ilianza tarehe 5 Machi, na usiku wa kuamkia Jumatano ya Majivu nilipiga mistari kwa rula nikaandika masharti 19. Rozari kila siku. Njia ya Msalaba kila Ijumaa. Chai bila sukari. Hakuna nyama, hakuna pweza (pweza nampenda kuliko nyama, nikajiona mkali kwelikweli kumtia kwenye orodha). Hakuna taarabu redioni. Zaka itoke kabla sijanunua uzi. Na sharti la 7: Jumapili sindano haigusi kitambaa. Kila usiku nilikaa na kalamu nyekundu nikatia vema mbele ya kila sharti, kama mwalimu anayesahihisha. Nitasema kweli: raha niliyoipata kwenye zile vema iliishinda ile ya rozari yenyewe.

Kanisa halikuniomba hayo yote. Sheria ya Kanisa inadai kufunga siku mbili tu kwa mwaka, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, na hilo linawahusu wenye miaka 18 hadi 59. Kuacha nyama siku za Ijumaa kunaanza miaka 14. Mengine niliyaongeza mwenyewe, kama mteja anayeng'ang'ania lasi kwenye gauni lililokwisha kupendeza.

Ukuta wa pili anakaa jirani yangu. Hapendi kutajwa mitandaoni, kwa hiyo nitamwita Bi Mkubwa, kama tunavyomwita wote mtaani. Ana kisukari, na daktari alimkataza kufunga. Hakugombana na mtu. Anatoa fidia, kila siku moja chakula cha maskini mmoja, kisha anaingia jikoni kuwapikia futari wanaofunga. Siku moja nilimuuliza kama haimuumi kumaliza Ramadhani nzima bila swaumu, naye kafunga tangu utotoni. Akanijibu huku anachambua mchele, "Inaniuma, kwa nini isiniume? Lakini Mungu mwenyewe kamwambia mgonjwa ale. Mie nani nimzidi Mungu kwa ukali?"

Nikacheka, nikarudi ndani kwenye masharti yangu 19.

Sasa hiyo Jumapili. Ilikuwa Dominika ya nne ya Kwaresima, 30 Machi 2025. Padre alivaa kasula, lile vazi la juu la Misa, ya waridi, rangi ambayo huvaliwa Dominika mbili tu kwa mwaka mzima, moja ya Majilio, yaani kipindi cha kuingojea Noeli, na hiyo ya Kwaresima, na mie kwa ufundi wangu macho yalikuwa kwenye mshono wa bega. Injili ilikuwa ya mwana mpotevu, yule aliyetapanya mali ya baba yake, akarudi, akapokewa kwa karamu. Nimeisikia mara ngapi! Niliisikiliza kama mtu aliyekaa gatini akisikia tangazo la boti ambayo hasafiri nayo.

Nimerudi nyumbani, nimeshabadilisha nguo, muhogo upo jikoni, mara hodi. Bi Mkubwa mlangoni, mkononi mfuko wa karatasi, nyuma yake mjukuu wake wa miaka 7 aliyeingia na boti ya Pemba jana yake. Mama wa mtoto anaumwa kule, kamtuma peke yake na watu wanaosafiri. Kafika na nguo mbili za kushindia. Mfukoni mlikuwa na kitambaa cha waridi cha Darajani na mita moja ya lasi.

"Mwanangu, mafundi wote nimewapitia, wamejaa. Mwezi ukiandama leo kesho sikukuu, na huyu hana kitu."

Nilikitazama kitambaa. Fundi hahitaji tepu kujua: gauni la mtoto kama yule ni saa tatu, ukitia lasi saa nne. Nikanyoosha kidole kwenye kibao. "Bi Mkubwa, leo Jumapili." Nikaongeza, kwa sauti ya mtu mwema, "Mwezi ukikataa, kesho alfajiri nalianza."

Akakitazama kibao kama ndiyo kwanza anakiona. "Haya mwanangu. Dini ni dini. Usije ukaharibu Kwaresima yako kwa ajili yetu."

Hakunikejeli, namjua. Mtu aliyeishi maisha yake yote kwa saa za swala anajua sharti la ibada ni nini, na alinisitahi. Nami nikaipokea heshima ile kama tuzo. Mchana kutwa nilijisikia mwepesi.

Magharibi likaja bakuli. Ramadhani yote huja, kawa juu, tambi za nazi siku hiyo na kaimati 6, na aliyelileta alikuwa yule mtoto. "Bibi anasema bakuli lirudi leo, kesho kuna wageni." Muda si muda mtaa ukalipuka kwa kelele za watoto, mwezi umeandama. Nikala kaimati. Usiku nikafungua kaunta buku, sharti la 7, nikatia vema.

Hapa nataka nisimame kidogo, maana ndipo penyewe. Saa sita usiku Jumapili inakwisha. Hata kwa sheria yangu mwenyewe, niliyoitunga na kuipigia rula, ningeamka saa sita na dakika moja, nikagonga ukuta, nikachukua kile kitambaa, na kufika alfajiri gauni lipo kwenye hanga. Nimeshona usiku kucha mara nyingi kwa ajili ya sare za harusi za watu nisiowajua. Usiku ule wazo lilinipitia, nalikumbuka vizuri, na nikageukia upande wa pili nikalala. Kwa hiyo amri haikunizuia. Nilikuwa nimechoka na sikutaka, basi, na kibao kikanipa sababu yenye heshima.

Asubuhi ya sikukuu watoto walianza kupita mapema kupewa pesa. Naye akaja, nywele zimesukwa, mikono ina hina, miguuni ndara mpya. Kavaa gauni la mwaka wa juzi, la buluu. Alizunguka mara moja ili nimwone, kama watoto wanavyofanya, na gauni likafunguka.

Bi Mkubwa alikuwa amelifumua pindo ili liongezeke urefu. Kama hujawahi kushona huenda usingeona kitu. Pindo likikaa muda mrefu linaacha alama. Pale palipokunjwa pana mstari mweupe uliosuguliwa na kufuliwa, na chini ya mstari kitambaa ni cheusi zaidi, kwa sababu hakijawahi kuonana na jua. Buluu mbili katika gauni moja, na katikati mstari kama wa chokaa. Mshono mpya ulikuwa wa mkono, uzi mweupe, hatua kubwa kubwa zinazopanda na kushuka. Bi Mkubwa ana mtoto wa jicho. Kutunga uzi kwenye sindano peke yake lazima kulimchukua nusu saa. Alifanya usiku, ukuta wa pili, wakati mie nimelala.

Nilimpa shilingi 2,000. Akasema ahsante, akapiga goti kidogo, akakimbilia wenzake kwenda Mnazi Mmoja. Nilimwangalia mpaka ule mstari ukapotea kwenye kona.

Injili ile ya jana yake ilinirudia jikoni, na iliyonirudia haikuwa sehemu ya nguruwe wala ya ndama aliyenona. Ni yule kaka mkubwa amesimama nje ya nyumba anamwambia baba yake, "Tazama, mimi nimekutumikia miaka mingapi hii, wala sijakosa amri yako wakati wo wote." Maskini, kumbe naye alikuwa na kaunta buku. Na hakusema uongo, amri hakukosa. Lakini amekaa na baba miaka yote hiyo na hajui anayependwa na baba yake ni nani. Nduguye anamwita "huyu mwana wako," mpaka baba amsahihishe: "huyu ndugu yako."

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kuungama. (Siri ya kitubio inamfunga padre, hainifungi mie.) Nilipata tabu, maana dhambi yangu haikuwa na jina. Nimezoea kusema nimesengenya mara tatu, nimekasirika mara tano, na hii nitaiitaje? Nimeshika sharti? Nikasimulia tu. Padre wetu huyu ni kijana, umri wa mwanangu wa kwanza. Akauliza, "Mama, hujawahi kushona Jumapili hata mara moja?"

Nikataka kusema hapana, ikanijia. Mwaka 2019, skuli zinafunguliwa Jumatatu, suruali ya mwanangu imechanika. Niliishona Jumapili mchana, mlango nimefunga.

Padre hakunicheka. Aliniambia Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliandika kwamba upendo hukua kama mtu akuavyo: wanaoanza, kazi yao kubwa ni kukimbia dhambi, wanaoendelea, ni kuongezeka katika mema, waliokomaa, ni kushikamana na Mungu. Nikamwuliza kwa uchungu, "Yaani Padre, miaka 52 na mie bado niko darasa la kwanza?"

"Darasa la kwanza si aibu, Mama. Tatizo umekaa humo umejifanya monita."

Kisha nikafanya kitu kilichonionyesha zaidi hali yangu. Nilimwomba sheria. Aniambie basi, ni kazi zipi zinaruhusiwa Jumapili na zipi haziruhusiwi, niandike. Akaniambia soma kanuni ya 1247 ya Sheria ya Kanisa na Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa, namba 2185, halafu uamue mwenyewe. Nikasoma. Kanuni inataka tujiepushe na kazi zinazozuia ibada, furaha ya siku ya Bwana na pumziko la roho na mwili, na Katekisimu inakubali kwamba mahitaji ya familia au huduma kubwa kwa watu yanaweza kumtoa mtu kwenye wajibu wa kupumzika. Kifungu cha gauni la mjukuu wa jirani sikukiona. Wamemwachia mtu akili yake, na hilo ndilo lililonitia hofu. Malipizi yangu yalikuwa Baba Yetu moja, niisali polepole. Nilitamani anipe rozari tatu.

Ungedhani baada ya hapo nilikomaa. Nilichofanya ni kukigeuza kibao kikatazama ukuta, nikaanza kumkubalia kila mtu. Habari zikaenea kwamba Jumapili Hatushoni sasa anashona. Mwezi wa Mei wakaja na sare za harusi, wakaja na mapazia, akaja mmoja kupunguza suruali 4 kwa sababu Jumapili ndiyo siku yake ya nafasi. Dominika moja nilikosa Misa kwa ajili ya mapazia. Mapazia! Mume wangu akaniambia, "Zamani ulikuwa kituo cha polisi, sasa umekuwa hospitali, mlango wazi usiku na mchana." Nilikuwa nasema ndiyo kwa hofu ileile niliyokuwa nikisemea hapana, kuonekana mbaya, na baba yangu kaburini anasema watu wanatutazama. Kibao nikakigeuza tena.

Nina binti ninayemfundisha kazi. Wakati uleule wa mapazia nilimpa satini akate, nimeshaipiga chaki mwenyewe. Satini ni nyoka, ukiiweka mezani inateleza yenyewe. Akakata, akafuata mstari wangu bila kukosea hata unywele, na kipande cha nyuma kikatoka kimepinda, hakifai. Akalia: "Lakini mwalimu nimefuata chaki!" Kweli alifuata. Chaki ilikuwa sawa, kitambaa ndicho kilichosogea, naye macho yake yalikuwa kwenye mstari tu. Nilimwonyesha jinsi ya kuweka kiganja cha kushoto juu ya kitambaa wakati mkasi unakwenda, ili mkono usikie kikianza kuteleza. Hilo halifundishiki kwa maneno. Ataharibu vitambaa vingine vitatu au vinne ndipo mkono wake ujue. Na chaki sikumwambia aitupe. Mie mwenyewe nina miaka 30 kazini na sikati bila chaki.

Waebrania wanasema watu wazima ni wale "ambao akili zao, kwa kutumiwa, zimezoezwa kupambanua mema na mabaya." Zamani nilikuwa nalipita hilo neno "kwa kutumiwa". Sasa ndilo ninalokaa nalo. Jumapili akija mtu hodi, namsikiliza kwanza. Wa mapazia namwambia kesho. Mwezi wa Agosti alikuja kijana anataka kutiwa zipu, nikamwambia kesho, na baadaye nikasikia Jumatatu ile asubuhi alikuwa na usaili wa kazi. Hakuniambia, nami sikumwuliza. Kwa hiyo bado naharibu satini.

Mwaka huu Jumatano ya Majivu iliangukia 18 Februari na Ramadhani ikaingia wiki hiyohiyo, Miembeni nzima tunanyimana chai kwa pamoja. Nyuma ya kaunta buku sijaandika masharti. Nafunga siku zilizoamriwa, Ijumaa naacha nyama, pweza nimemrudisha mezani, na Njia ya Msalaba nakwenda kwa sababu naipenda. Sukari bado sitii kwenye chai, nimeshazoea.

Wiki ya pili ya Ramadhani nilimgongea Bi Mkubwa mwenyewe, nikamwuliza habari ya gauni la sikukuu. Mjukuu sasa anasoma skuli hapa Unguja. Akafungua sanduku akanitolea kile kitambaa cha waridi cha mwaka jana, hakijakatwa, na lasi yake ndani, vyote vinanuka udi. Ilikuwa Jumanne, kwa hiyo sina ushujaa wa kujisifia. Nikampima mtoto. Karefuka sana, na kitambaa kilinunuliwa kwa kimo cha mwaka jana. Nilikigeuza mezani huku na huku karibu saa nzima. Mwishowe nikafupisha mikono ili nipate urefu, na chini nikaacha pindo la vidole vinne.